Jamaa wa barafu wa mtaani: nampa nyota nne

Watu wanaandika rivyuu za simu na hoteli, mi leo namwandikia jamaa anayetuletea barafu, maana tunamlalamikia kila siku na kazi yenyewe hatuijui.

Barafu yake ni mapande makubwa, pembeni safi kabisa ila katikati kuna weupe. Wanaosema ule weupe ni uchafu, hapana jamani, mara nyingi ni hewa tu, maji yanaganda kuanzia nje kwenda ndani hewa inasukumwa mpaka inabanwa kati. Mimi nachukua pande zima, iliyosagwa inapoza haraka sawa ila inaisha haraka vilevile.

Anapita asubuhi jua halijakolea, mzigo umefukiwa kwenye vumbi la mbao na magunia juu. Kuna mtu alimcheka eti teknolojia ya kizamani, wakati mwaka 1833 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa barafu wa Marekani, alipeleka barafu kwa meli toka Boston mpaka Calcutta kule India, karibu miezi minne baharini bila friza yoyote, na zaidi ya nusu ya mzigo ikafika! Kuifunika vizuri ndo kila kitu.

Kinachonifurahisha zaidi ni anavyokata. Hapigi kwa hasira, anachoma vitundu kwa sindano ya chuma kwenye mstari mmoja taratibu, halafu anagonga mara moja tu pande linaachia palepale alipotaka, chenga kidogo sana. Af analitupia begani juu ya gunia, maji yanamchuruzika mgongoni na vidole vishakufa ganzi, na bado anakusalimia vizuri.

Sasa nyie mnaomsimamisha getini mnatafuta chenji huku mnapiga stori, mjue mzigo unaisha pale pale. Yeye kauziwa kwa uzito wa kiwandani, nyie mnataka apime upya mlangoni kwenu, hiyo tofauti ni ya kwake yani mnakula faida yake mkiwa mmesimama.

Nyota ya tano nimeizuia kwa makusudi. Joto likizidi ndo hapatikani, simu inaita tu, kumbe kapeleka mzigo wote kwenye sherehe ya watu. La pili ndo kubwa, barafu ya kupozea chupa na ya kutia kwenye glasi anazibeba pamoja, na ukimuuliza maji yalitoka wapi anakujibu "kiwandani bosi" basi. Kuganda hakuui vijidudu vyote, kaka yangu, tenganisha mzigo! Mpaka afanye hivyo yangu naitumia kupozea kwa nje tu.

Ukimtaka kipindi cha joto agiza jioni ya jana yake, chombo kiwe tayari mlangoni na hela kamili mkononi. Na pande liweke juu ya vinywaji sio chini yake, baridi inashuka.