Safari ya boti kwenda kuona matumbawe: boya lipo tupu, nanga inatupwa juu ya tumbawe

Hii safari kila mtu anaisifia, maji safi, picha kali, sawa sibishi, na mwanzoni mwenyewe nilikuwa nimefurahi sana. Ila tulipofika kwenye matumbawe, boya la kufungia boti liko palepale, halina mtu, nahodha akalipita akaenda kutupa nanga katikati eti hapo ndo samaki wanatokea vizuri kwenye picha. Nilishavaa miwani nikashuka, nikaona kwa macho yangu, nanga imekaa juu ya tumbawe kubwa la mviringo, kila wimbi likipita mnyororo unasaga, vipande vinadondoka mchangani na ndani ni vyeupe pee, samaki wadogo wanazunguka pale hawajui waingie wapi.

Nikapanda nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka, boya si lile pale tupu? Akanijibu mbele ya abiria wote: "Dada umelipia kuogelea, hukulipia kunifundisha kazi. Mawe hayo yapo tangu enzi za babu zetu."

Mawe! Tumbawe ni kiumbe hai jamani, ni wanyama wadogo wadogo maelfu wanaojijengea chokaa, na hayo ya mviringo yanakua kama sentimita moja hivi kwa mwaka, kwahiyo likifika kimo cha mita moja ujue lina karibu miaka mia, halafu mtu analivunja kwa dakika moja kwa ajili ya picha. Yakiisha samaki wanahama, mawimbi yanafika ufukweni na nguvu zake zote, mchanga unaliwa, sasa hao wageni watakuja kuangalia nini?

Nisiwaonee wote. Kijana msaidizi alikuwa mzuri sana, yeye ndo alituambia tusikanyage matumbawe na tusiwafukuze kasa, kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota tatu. Lakini nikikumbuka alivyotaka kuivuta ile nanga akafokewa akae chini kama mtoto, hapana, nafuta.

Na msiniambie biashara ndo ilivyo. Thailand walifunga Maya Bay mwaka 2018 baada ya matumbawe kuharibika vibaya kwa wingi wa boti na watalii, wakafungua 2022, sasa boti haziingii kwenye ile ghuba, zinaegesha upande wa nyuma watu wanatembea kwa miguu, na papa wa miamba wamerudi. Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, tangu 2020 wamepiga marufuku losheni za jua zenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Sisi kwenye boti hakuna aliyeulizwa amepaka nini, tumeshuka maji yakawa na utando wa mafuta.

Ukitaka kwenda uliza kabla hujatoa hela, mnafunga kwenye boya au mnatupa nanga? Akianza kuzungusha maneno achana naye. Nyota moja. Na kama kuna mtu anajua boti inayofunga kwenye boya hapo anitajie tafadhali, sehemu yenyewe ni nzuri mno na natamani kurudi.