Toroli la kuoshea kompresa: tangi zuri, kiungio kisichofaa

Usinunue toroli hili la kuoshea injini za ndege kabla hujaona kwa macho yako jinsi mpira wa maji unavyoungwa na tangi. Mengine yote, yaani ujazo wa matangi, uzito, urefu wa mpira na aina ya magurudumu, yameandikwa kwenye karatasi ya muuzaji na kila mtu anaweza kuyasoma. Mimi nitazungumzia kipande kimoja cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho kilituachia injini iliyojaa sabuni huku starta ikiwa imemaliza muda wake.

Hangari letu huhudumia ndege ndogo za propela zenye injini za familia ya PT6A, ambazo ni injini za turbini zinazozungusha propela, na baadhi yake huruka chini chini kandokando ya bahari. Chumvi, vumbi la viwanja vya changarawe, mabaki ya wadudu na mvuke wa mafuta huganda kwenye mapanga ya kompresa, yaani sehemu ya injini inayokandamiza hewa kabla ya kuchomwa pamoja na mafuta, na kuyaharibia umbo, na kompresa ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya nguvu inayozalishwa na turbini, yaani mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto. Ikichafuka, injini huhitaji mafuta mengi zaidi ili itoe nguvu ile ile, joto la gesi hupanda, na sehemu za moto huanza kuzeeka kabla ya wakati wake. Chumvi ina ubaya wa ziada, kwa kuwa sodiamu iliyomo ikikutana na salfa ya kwenye mafuta hutengeneza salfeti inayotafuna mapanga ya turbini. Kwa sababu hiyo tunasuuza kwa maji matupu mara kwa mara ili kuondoa chumvi, na tunaosha kwa sabuni pale kumbukumbu za injini zinapoonyesha kwamba nguvu imeshuka na joto limepanda. Tulilinunua toroli hili kwa ajili ya kazi zote mbili.

Msomaji ambaye hajawahi kuifanya kazi hii anapaswa kujua kwamba haina nafasi ya kubahatisha. Injini lazima ipoe kwanza. Mfumo wa cheche hukatwa, mafuta hubaki yamefungwa, na njia inayopeleka hewa kabini hufungwa ili maji yasifike huko. Kisha starta peke yake ndiyo inayoizungusha rota, yaani mhimili wa injini pamoja na mapanga yake, na maji huingia wakati huo tu, maana rota isipozunguka maji hayawezi kupita hatua zote za kompresa. Starta nayo ina mipaka yake. Kwa ndege tunazozihudumia unaizungusha kwa sekunde 30 na kuipumzisha kwa sekunde 60, halafu 30 nyingine na mapumziko ya 60, kisha 30 za mwisho, na baada ya hapo hairuhusiwi kuguswa kwa dakika 30, la sivyo itaungua. Sekunde hizo ndizo mtaji wetu wote. Kifaa chochote cha kuoshea kina wajibu mmoja mkubwa kuliko mwingine wowote, nao ni kutoa maji mara moja, kwa shinikizo linalotakiwa, pale starta inapoanza kuzunguka.

Hapo ndipo toroli hili liliponishinda. Lina matangi mawili, moja la sabuni na moja la maji safi, yote yakisukumwa na hewa ya shinikizo, lakini mpira wa kwenda kwenye injini ni mmoja na unahamishwa kwa mkono kutoka tangi hadi tangi. Kinachowezesha uhamisho huo ni kiungio cha kusukuma na kuvuta, chenye vali ndogo ya springi ndani yake inayojifunga mpira unapochomolewa na inayopaswa kujifungua unapochomekwa. Muuzaji alikisifu sana kiungio hicho alipokuja kutuonyesha bidhaa yake. Alikichomoa na kukichomeka mbele yetu mara nyingi, kikiwa kikavu na kipya, na ninakiri kwamba kilipendeza kukitazama.

Siku ya tukio, ambayo ni wiki kadhaa zilizopita, hatua ya sabuni ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kumshukuru kimoyomoyo aliyelibuni toroli hili. Shinikizo lilitulia, sabuni ilipita kwenye pete ya kuoshea iliyofungwa kwenye wavu wa hewa wa injini, povu jeusi likachuruzika hadi kwenye sinia chini ya pua ya ndege, nasi tukaiacha iloweke kwa muda uliotajwa kwenye mwongozo wa injini. Tukauchomoa mpira kutoka tangi la sabuni, tukauchomeka kwenye tangi la maji safi. Kiungio kilitoa mlio wake wa kawaida, kola ikarudi mahali pake, na kwa jicho hakukuwa na dosari yoyote. Nikampa ishara mwenzangu aliyekuwa chumba cha rubani, starta ikaanza kuzungusha, vali ya maji ikafunguliwa, geji ya shinikizo ikaonyesha psi 40 (paundi 40 kwa kila inchi ya mraba), na mpira ukabaki mlegevu vilevile mikononi mwa fundi aliyeushika.

Naomba msomaji aizingatie hiyo geji, kwa sababu mimi nimeshindwa kuisahau. Imewekwa kabla ya kiungio. Maana yake ni kwamba inasoma shinikizo la tangi, haisomi kinachokwenda kwenye injini, na unaweza kuwa na psi 40 zenye kutia moyo kwenye kioo huku hata tone moja halifiki kwenye kompresa. Anayesimama kwenye toroli anaamini kwamba anaosha. Kama fundi wetu asingekuwa mzoefu wa kuutambua kwa mkono mpira usiokakamaa, tungeweza kuzungusha injini kavu kwa zamu zote, tukaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba suuza imefanyika, na ndege ikatoka hangarini ikiwa na sabuni tumboni. Kuna watu waliokaa mezani, wakachora mchoro, wakaamua kwamba geji ikae pale. Ningependa kukutana nao.

Tulichomoa, tukachomeka upya, tukagonga, tukabadilisha pembe, hadi fungu lote la starta likaisha. Kisha ikabidi tukae na kungoja dakika 30 zile, tukiitazama injini ambayo sabuni ilikuwa inakauka ndani yake. Sabuni ya kompresa ikikauka huacha utando unaonasa vumbi jipya, na injini ikiwashwa kabla ya kusuuzwa mabaki hayo huungua juu ya mapanga. Zaidi ya hayo, hewa ya kabini huchotwa kwenye kompresa hiyohiyo, kwa hiyo abiria wa safari inayofuata ndio wanaovuta harufu yake. Rubani akipata harufu ya ajabu kabini baada ya ndege kutoka matengenezo, simu ya kwanza huja kwetu, na ni haki yake.

Tulitumia muda huo kutoa shinikizo kwenye tangi, kukiondoa kiungio kizima kwa spana, na kuuunga mpira moja kwa moja kwenye bomba la tangi kwa nati ya kawaida ya ukubwa uleule. Starta iliporuhusiwa tena, maji yalitoka kwa nguvu, tukasuuza kwa awamu hadi yanayotoka yakawa hayana povu wala rangi, tukawasha injini na kuikausha kama mwongozo unavyoagiza. Ndege ilichelewa, mwenye ndege akanuna, na sikuwa na la kumjibu.

Baadaye tulikifungua kiungio juu ya meza. Oringi ya ndani, yaani pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ilikuwa imevimba, ikaikaba vali isiweze kusogea. Imevimba kwa sababu gani? Kwa sababu ya sabuni. Na sabuni yenyewe ni ile iliyotajwa kwenye kijitabu chao wenyewe, tena kwa kipimo walichokipendekeza wao. Wametengeneza kifaa cha kupitishia sabuni kwa mpira usiostahimili sabuni, jambo ambalo ni sawa na kufinyanga chungu kisichotaka moto.

Nikapiga simu kwa kitengo chao cha huduma. Mtu aliyepokea alinisikiliza kwa nusu dakika, kisha akasema, “Mama, naomba unipe fundi mwenyewe nizungumze naye.” Nikamjibu kwamba fundi mwenyewe ndiye mimi, na kwamba kazi ile imebeba sahihi yangu. Kukawa kimya kidogo, halafu akauliza kama nina hakika kwamba vali ya maji ilifunguliwa. Nikamweleza habari ya oringi. Akasema wateja wengine hawajalalamika. Nikamweleza habari ya geji. Akasema geji imehakikiwa kiwandani na inasoma sawasawa, jambo ambalo sikulibishia hata kidogo, kwa kuwa tatizo langu ni mahali ilipokaa. Mwisho akaniambia, “Sasa mama, hasira hazitasaidia,” na hapo nikakata simu, kwa maana nilihisi kwamba nikiendelea nitatamka maneno ambayo hayafai kutamkwa na mtu wa umri wangu.

Nimeyaacha maandishi haya kwa muda kabla ya kuendelea, na nikiwa nimetulia inanibidi niseme upande wa pili. Matangi ni ya chuma kisichoshika kutu, yamechomelewa kwa ustadi, na ndani hayana kona za kukusanyia uchafu. Magurudumu hayagomi. Sinia ya kukingia maji machafu ni kubwa na ina mfereji wake wa kumwagia kwenye pipa, na hilo ni jambo la maana, kwa sababu maji yanayotoka kwenye injini hubeba mafuta, chumvi na chembe za metali ambazo hazipaswi kuachwa zikaingia mtaroni. Mashirika makubwa yana mitambo inayokusanya maji hayo, kuyachuja na kuyatumia tena, kama ule unaoitwa EcoPower, lakini mitambo hiyo imekusudiwa hasa injini kubwa za ndege za abiria na haiwezi kulinganishwa na toroli la hangari dogo. Kwa kiwango chetu, sinia hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitumia. Tena, baada ya suuza ile ya taabu, injini ilirudi kuonyesha joto la chini zaidi kwa nguvu ile ile, na rubani alilitambua hilo bila kuambiwa. Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota moja, nikazifanya tatu.

Lakini nikifikiri vizuri, joto hilo lilishushwa na nini? Na maji na sabuni, ambavyo si vyao, vikipita kwenye mpira tuliouunga sisi kwa nati yetu. Tangi letu la zamani, ambalo lilikuwa chombo kisicho na sura, chenye vali moja na geji moja iliyokaa upande wa pili wa vali, kwenye mpira wenyewe, halikuwahi kutunyima maji. Tulilistaafisha kwa sababu lilikuwa moja, na kubadilisha kutoka sabuni kwenda maji safi kulitaka kulimwaga na kulisafisha. Kwa hiyo kilichotushawishi kununua toroli jipya ni ule urahisi wa kuhamisha mpira, na urahisi huo ndio hasa ulioharibika. Nimerudi kwenye nyota mbili.

Juzi kiungio kingine kimefika, bila malipo, na kwa hilo ninashukuru. Kimekuja na karatasi moja isiyo na jina la mtu wala salamu, inayoelekeza kwamba oringi ipakwe grisi ya silikoni kila kabla ya kuosha ili vali isigande. Oringi ni ileile. Nimeisoma karatasi hiyo zaidi ya mara moja nikitafuta mahali ambapo nimeielewa vibaya, na sijapapata. Karatasi iliyochapwa haitengenezwi kwa ajili ya mteja mmoja, kwa hiyo wanajua kwamba vali huganda, na walijua hata wakati mtu wao akiniambia kwamba wengine hawajalalamika. Halafu dawa wanayoitoa ni grisi, ndani ya njia ya maji yanayokwenda kwenye kompresa! Tunatumia maji yaliyoondolewa madini, ambayo mwongozo wa injini umeyawekea mipaka ya kila aina ya mabaki, tunaosha ili kuondoa utando wa mafuta kwenye mapanga, na wao wanataka tuuanzishe upya kwa mikono yetu wenyewe. Nimewaandikia kuomba oringi ya mpira unaostahimili sabuni na geji ihamishiwe kwenye mpira. Jibu lililokuja ni kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Hivyo basi ni nyota moja, na sitaibadilisha tena. Pamoja na hayo, toroli tunalitumia kila wiki, likiwa limeungwa kwa nati, na kuhamisha mpira kwa spana kunachukua muda mfupi kuliko ile sabuni inavyohitaji kuloweka, kwa hiyo hatupotezi chochote. Mwenye kutaka kulinunua amwambie muuzaji aking’oe kiungio kabla ya kulikabidhi na afunge geji ya pili mwishoni mwa mpira. Muuzaji akikubali, mnunuzi atakuwa amepata chombo kizuri. Muuzaji akianza kueleza jinsi kiungio kinavyopendeza, mnunuzi amuombe akichomeke mbele yake kikiwa kimelala usiku kucha ndani ya sabuni.