Kuchonga silinda ya pikipiki ya zamani, Yamaha DT125: karakana ya Majengo, Dodoma

Kazi ya mashine ni safi. Silinda ya kipenyo cha milimita 56 imepanuliwa hadi 56.5 baada ya kupima pistoni mpya kwanza, ikaachwa nafasi ya takribani milimita 0.05 kati ya pistoni na silinda. Ikibana zaidi, pistoni hunata injini ikipata moto.

Kasoro ni kingo za matundu ya silinda (yanayopitisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na moshi): hazikupigwa msasa, kali kama wembe, na ringi ya pistoni ikijikwaa hapo inakatika. Zilainishe mwenyewe kabla ya kufunga. Oili sili za krenki (mipira inayoziba kandokando ya shafti ya injini) mafundi hawazigusi usipowaambia; ya upande wa sumaku ikivuta hewa, petroli inapungua kwenye mchanganyiko na pistoni mpya inaungua. Bei inavumilika. Sponji ya chujio iloweshwe oili, maana vumbi la Dodoma halina huruma.