Eti dizeli ikishawaka haihitaji umeme

Wiki kadhaa zimepita na hasira yangu haijaisha, ndiyo maana naandika. Kuna gereji moja kubwa hapa Iringa, ya watu wanaoheshimika, ambayo imekula hela yangu mara tatu na bado ikaniachia gari inayozima katikati ya mlima. Jina silitaji. Wanaojua watajua.

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya aina inayoitwa 3L, nimeachiwa na marehemu baba. Sina haja ya kuwaeleza Hilux ni gari gani. Naitumia kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, napandisha mlima Kitonga, nauza huku mjini. Ikilala, na mimi nalala.

Shida ilianza mvua za mwanzo. Gari inatembea vizuri kabisa, mara inazima. Haikohoi, haipungui nguvu taratibu, haitoi moshi. Inazima mara moja kama mtu amegeuza ufunguo. Unakaa dakika kumi, unapiga stata, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Haya maneno, "kama mtu amegeuza ufunguo", nilimwambia fundi mkuu siku ya kwanza kabisa, nikayarudia siku ya pili na ya tatu.

Siku ya kwanza walimwaga maji kwenye kitenga maji, wakabadili filta ya dizeli. Sawa, hilo hata mimi ningeanza nalo. Nilikaa na amani siku nne.

Niliporudi siku ya pili wakasema inavuta hewa kwenye njia ya mafuta. Wakabadili ile pampu ya mkono juu ya filta, na mipira miwili ya dizeli. Hapo ndipo nilipomwambia, "Fundi, baba aliwahi kufunga swichi ya siri ya kuzuia wizi, ipo chini ya dashibodi upande wa usukani. Nadhani iliunganishwa kwenye waya unaokwenda kwenye pampu kubwa ya dizeli. Hebu muiangalie na hiyo." Hakuinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Akanijibu, na hili jibu nitakufa nalo: "Mama, dizeli ikishawaka haihitaji umeme. Wewe tuachie kazi, ukae pale kwenye benchi." Vijana wake wakacheka. Nikaenda nikakaa kwenye benchi.

Niliporudi siku ya tatu wakafungua pampu yenyewe ya dizeli na nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Gari ilikaa kwao karibu wiki mbili. Laki nane na nusu. Nilikopa kwenye kikoba ili nilipe.

Sasa nisikilizeni wenye magari haya, kwa sababu lile jibu la fundi mkuu nimeshalisikia kwa watu wengi na ni la uongo. Ni kweli kwamba dizeli ya zamani haina plagi za cheche wala koili, na moto unatokana na hewa kubanwa. Lakini juu ya pampu kuna kidude kimoja, mafundi wengi wanakiita solenoidi, kinachopata umeme wa betri kupitia waya mmoja. Ukiwasha ufunguo kinavuta kipini ndani na kufungua njia ya mafuta. Umeme ukikatika, springi inakisukuma kipini na kuziba njia, injini inazima hapo hapo. Ndivyo ufunguo unavyozima gari yako kila siku! Kwa hiyo waya huo ukilegea barabarani, gari inazima kama ilivyokuwa inazima yangu. Gari yenye shida ya mafuta, kama filta imeziba au inavuta hewa, kwa kawaida inakuaga kwanza: inakosa nguvu, inatetemeka, inakohoa. Mtu anayelipwa laki nane na nusu ndiye aliyepaswa kuniambia hivyo, si mimi nimwambie yeye.

Basi nikaichukua. Nikapakia magunia tisa. Jioni, Kitonga, kwenye kona moja ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde, ikazima.

Nataka mwelewe maana yake. Kwenye hizi Hilux za dizeli pampu inayosaidia breki ipo nyuma ya alteneta, inazunguka na injini. Injini ikizima, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili huku gari inarudi nyuma na mzigo wake, taa za lori la Zambia zinanimulika kwenye kioo. Utingo wangu aliruka gari bado haijasimama, akatupia jiwe nyuma ya tairi. Jiwe la kwanza lilisukumwa. La pili likashika. Akakimbia kukata matawi na kuyatandaza barabarani, na mimi nilibaki nimeshikilia usukani, siwezi hata kufungua mlango. Nilikuwa natetemeka magoti.

Na kichwani nasikia, "Mama, ukae pale kwenye benchi."

Baada ya kama nusu saa ikawaka yenyewe. Tulipanda kwa gia ya kwanza mpaka Ilula, tukalala humo humo juu ya vitunguu.

Asubuhi wakatuelekeza kwa kijana mmoja anayetengeneza stata na alteneta kwenye kibanda cha mbao. Alikuja anafuta mikono. "Kamwene, mama. Shikamoo." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo kule mjini halikuulizwa na mtu hata mmoja: "Ikizima, taa za dashibodi zinaondoka au zinabaki?"

Nikafikiri. Zinabaki. Ya oili na ya betri zinawaka nyekundu.

"Basi ufunguo wako mzima. Umeme unapotelea njiani."

Alichomoa waya wa solenoidi, akaniambia niwashe ufunguo bila kupiga stata, akaugusisha. Ilitakiwa isikike *tak*, kavu. Ikasikika kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Akatoa mita. Betri volti 12.6. Kwenye solenoidi, 7 na kitu. Akaingiza mkono chini ya dashibodi akatikisa nyaya, namba zikaanguka mpaka sifuri, zikapanda, zikaanguka.

Kisha akavuta waya mmoja moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye solenoidi, akaniambia nizunguke nayo Ilula yote, nipite kwenye mashimo makusudi. Akanionya kwamba kwa waya huo ufunguo hautaizima gari, nikirudi atauchomoa yeye. Nilizunguka zaidi ya saa nzima. Haikuzima hata mara moja.

Niliporudi akalala chali chini ya usukani, akaitoa ile swichi ya baba. Nilimwomba anioneshe. Ilikuwa imefungwa nailoni nyeusi ya umeme, gundi imeyeyuka kwa joto la miaka mingi, inanata vidoleni. Alipoibandua, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono, hazikuchomelewa kwa risasi. Shaba imekuwa unga wa kijani. Kilichokuwa kinashika ni uzi mmoja, mwembamba kama unywele, na wenyewe umeshaanza kukatika. Baba alimlipa mtu kumfanyia kazi ile akiamini analinda gari yake isiibiwe. Niliiangalia nikashindwa kusema kitu kwa muda.

Kijana akakata sehemu yote mbovu, akaweka waya mpya, akachomelea, akaufunika na kupitisha mbali na mabati. Akasugua pia ethi ya injini, ule waya unaorudisha umeme kwenye betri, iliyokuwa imepata kutu. Nikauliza bei. Elfu kumi na tano. Nilimpa thelathini, akataka kunirudishia.

Sasa, naomba niwe mkweli, maana nilianza kuandika nikiwa nataka kusema gereji ile ya mjini haifai kabisa, na hilo si sahihi. Kwenye nozeli wanajua kazi. Zamani asubuhi ya baridi, na Iringa mnaijua baridi yake, nilikuwa napiga stata mpaka betri inalia. Siku hizi taa ya hita ya injini ikizima tu, inashika. Moshi mweupe umeisha. Dizeli inakaa kwenye tenki muda mrefu kuliko zamani, na ile harufu iliyokuwa inaingia ndani imepotea, kwa hiyo pampu ilikuwa inavuja kweli. Hela ile haikwenda bure yote. Mtu akiniuliza pa kupeleka nozeli leo, nitamwelekeza kwao. Nadhani nitamwelekeza.

Nimeandika hivyo, nimesoma tena, na damu imechemka upya. Kwa sababu pampu kuvuja na gari kuzima ni vitu viwili! Mimi nilipeleka gari inayozima. Walitengeneza kingine, wakaniambia imepona, wakaniruhusu nipande Kitonga na tani ya mzigo na kijana wa watu pembeni yangu. Mita ya kupimia umeme ilikuwa inaning'inia kwenye msumari pale pale ukutani kwao, nimeiona kwa macho yangu siku zote nilizokaa kwenye lile benchi. Kuishusha na kupima waya mmoja ni kazi ya dakika tano.

Nilirudi kwao, si kwa ugomvi. Nilibeba kile kipande cha waya kwenye karatasi. Fundi mkuu alikitazama, akasema, "Lakini si sasa inawaka?" Akaingia ofisini.

Hela ya pampu na nozeli siidai, kazi niliiona. Ninachodai ni laki moja na arobaini ya pampu ya mkono na mipira, vitu vilivyokuwa vizima, walivyobadili siku ile ile niliyowaambia waangalie swichi ya baba. Vya zamani hawakunirudishia. Risiti ninayo, na Jumatatu naenda tena.