Kamera ya picha iliyogoma kupiga picha kisa video (uzoefu wangu)

Jina la kampuni silitaji, duka nalo silitaji, ila mnaopiga picha hapa Mwanza mtaijua tu ni aina gani, hizi kamera ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani ambazo muuzaji lazima akwambie dada hapa umepata picha na video kwa pamoja. Ninayo tangu mwaka jana kabla ya masika, nimenyamaza sana, sasa nimechoka. Kama kazi yako ni picha za mnato, yaani sendofu, harusi, komunio, mahafali, usiinunue kwa ajili ya video. Na kama umeshanunua basi kamati ya sherehe isijue kama inarekodi, nakwambia kabisa isijue.

Maana shida inaanzia kwenye kamati kabla hata hujafika ukumbini. Zamani nikiwa na Nikon D40 yangu, ile ya mwaka 2006, haina video kabisa, mambo yalikuwa wazi, mimi ni wa picha, kuna kijana mwingine wa video, bajeti ya kila mtu imeandikwa na kila mtu anakaa upande wake. Siku waliyoona hii mpya mwenyekiti wa kamati akaniuliza, dada hiyo si inatoa na video? Nikasema ndiyo inatoa. Basi hapohapo yule kijana wa video akafutwa kwenye karatasi, hela yake ikahamishiwa kwenye vinywaji, na mimi nikaongezewa kazi bila kuongezewa hata nauli. Sio wao tu, wanafanya hivo wengi sana siku hizi, muulize mpiga picha yeyote kuanzia Nyegezi mpaka Kisesa atakwambia.

Sasa hiyo sendofu. Ukumbi uko njia ya kwenda Igoma, umeezekwa bati, watu wamejaa mpaka mlangoni, na umeme ukakatika mapema tu. Jenereta ikawashwa ila ilibeba taa na muziki wa MC, feni zote zikasimama. Mama wa binti akapewa maiki amtambulishe mwanae. Mimi kamera iko kwenye stendi inarekodi, nimeambiwa na kamati nasaha za mama zisikose. Yule mama aliongea jamani, aliongea Kiswahili akachanganya na Kisukuma, akamtaja marehemu mume wake, ukumbi mzima kimya, na mimi siwezi kuigusa kamera nipige picha vizuri kwa sababu nikiitoa kwenye stendi video inatikisika, kwa hiyo zile sura za mashangazi waliokuwa wanalia nyuma yake nimeziona kwa macho tu. Wakati anamalizia, pale juu kwenye skrini kialama cha joto kikaanza kuwaka, mara kikawa chekundu, mara kamera ikajizima.

Nikasema sawa, video imekata, angalau napiga picha. Na hapo ndo MC akatangaza bi harusi ashuke amtafute bwana harusi wake humo ukumbini. Mnaijua hiyo dakika. Ni dakika ambayo familia zote mbili zinaisubiri kuliko hata keki, binti na maua yake anapita meza kwa meza, watu wanamdanganya yuko huku, yuko kule, bwana harusi kafichwa meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni. Nawasha kamera, inaandika kitu kuhusu joto, inajizima. Natoa betri naweka nyingine, inawaka kidogo inajizima. Kamfikia. Vigelegele, mashangazi wamesimama kwenye viti, binti anamvisha maua, mimi nabonyeza kitufe cha picha hola. HAKUNA KITU. Nikatoa simu nikapiga kwa simu, zile taa nyekundu na kijani za ukumbini zinajulikana zinavyoifanya picha ya simu, nyuso hazina hata macho. Na hiyo ndo picha ambayo familia ilikuwa imeshaagiza fremu kubwa ya kutundika sebuleni.

Kuna mtu atasema toa picha kwenye video. Video gani wakati imeshajizima? Na hata ingekuwepo, fremu moja ya video ya full HD ni kama megapikseli 2 tu, na kila fremu kwa kawaida inapigwa kwa spidi ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mtu akitembea mkono wake unakuwa ukungu. Kwenye video huoni kwa sababu inakimbia, ukiisimamisha uichapishe kubwa ndo unaona. Fremu ya sebuleni haitoki hapo.

Joto lenyewe lina sababu inayoeleweka kabisa. Kamera ikipiga picha inafanya kazi kidogo halafu inapumzika. Ikirekodi, sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, inasomwa mara 25 au 30 kila sekunde bila kupumzika, na prosesa nayo inahangaika kuibana hiyo video iingie kwenye kadi, yote hayo ni joto, na ndani hamna feni, bodi imezibwa vumbi na maji visiingie kwa hiyo na joto nalo halina pa kutokea. Canon walipotoa kamera yao ya R5 mwaka 2020 walisema wazi kwamba video ya 8K, ile kubwa kupita full HD mbali sana, inafika kama dakika 20 hivi ndo joto linaikatisha, na hiyo wamepima kwenye nyuzi 23. Nyuzi 23! Ukumbi wa bati Mwanza mchana, watu wamejaa, feni zimesimama, hizo 23 utazipata wapi? Ndo maana mwaka 2022 wakaja na R5 C yenye feni ndani, kwa watu wa video. Maana yake wanajua. Wenye viwanda wanajua kwamba hizi ni kazi mbili.

Hilo joto ningeweza kulisamehe. Kisichosameheka ni majibu ya duka.

Nilienda kesho yake kazi ikiwa bado mkononi, sijalala. Ni kijana yuleyule aliyeniuzia. Siku ya kununua alinipeleka mpaka nje barabarani akanirekodia bodaboda zinapita, akanionyesha, dada ona, na hii humhitaji tena mtu wa video, hela yote yako. Hayo ni maneno yake. Sasa namweleza kamera ilivyojizima ukumbini, anatafuna bigijii, macho yako kwenye simu, hata shikamoo hamna na mimi ni mkubwa kwake mbali tu, halafu ananijibu, mama hiyo ni kamera ya picha, ukirekodi muda mrefu ni shauri yako, warantii haihusiki na hayo. Nikamwambia mdogo wangu, wewe si ndo uliniambia. Akaishika kamera kwa mkanda, hakuishika kwenye bodi, mkanda, akaisukuma juu ya kaunta ikaburuzika mpaka kwangu, akasema wataalamu hawalalamikagi.

Wataalamu hawalalamikagi. Mimi nimeanza kazi hii kwa picha za pasipoti pale Mabatini, nimesomesha wadogo zangu kwa hii kazi, D40 yangu mpaka leo iko na mdogo wangu Nyegezi anapigia wanafunzi na inafanya kazi. Nilitetemeka. Kuna mzee mmoja alikuwa ananunua betri akamwambia kijana, huyo ni mama yako, jibu vizuri. Akacheka. Alicheka jamani.

Na nimekuja kugundua hii kauli ya "ni kamera ya picha" ina historia ndefu kuliko huyo kijana. Mnaikumbuka ile kamera nyingi zilikuwa zikirekodi zinakata kwenye dakika 29 na sekunde 59? Hiyo haikuwa joto wala kadi. Ilikuwa ni ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, kamera inayoweza kurekodi nusu saa na zaidi kwa mfululizo ilihesabiwa ni kamera ya video na ushuru wake ukawa juu, kwa hiyo watengenezaji wakaikatia pale chini ya nusu saa ibaki kuwa ya picha. Kwa hiyo forodhani ni ya picha, dukani ni ya video, ikikuzimikia ukumbini inarudi tena kuwa ya picha. Mteja ndo anabeba yote.

Tena watu wanaongea kama vile kamera ilizaliwa na video. Haikuwa hivo. Julai 2008 Nikon wametoa D700, mashine ya kazi kwelikweli, haina video hata kidogo. Agosti mwaka huohuo wakatoa D90, ndo kamera ya kwanza yenye kioo ndani ya kubadilisha lenzi kurekodi video, na Septemba Canon wakaja na 5D Mark II yenye full HD, kutoka hapo kila kampuni ikafuata. Waliojaribu kurudi nyuma wanahesabika. Nikon Df ya mwaka 2013 waliinyima video makusudi, na sensa yake ni ileile ya D4 inayorekodi, kwa hiyo uwezo ulikuwepo, waliamua tu. Leica nao walikuwa na video kwenye M ya 2012, M10 ya 2017 wakaitoa, na M11 ya 2022 haina. Sasa usidhani ukitoa video bei inashuka, hapana, Df ilikuwa ghali kuliko D610 ambayo ilikuwa na video, na Leica kwa bei zake sisi wa kanda ya ziwa tuiache kama ilivyo. Hilo ndo linaniuma, kamera ya picha tupu imegeuzwa kitu cha matajiri wakati watu wa picha tupu ni sisi huku.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika nyota moja, na nilikuwa nimeandika video itolewe kwenye kamera za picha, basi.

Ila siwezi kuacha kusema hili. Ile video ya mama haikupotea yote. Nilipofungua kadi nimekuta karibu nasaha zote zipo, sauti sio nzuri sana, jenereta linasikika, lakini mama anaonekana na anasikika. Nilipowapelekea familia nilienda nimejiandaa kutukanwa kwa ajili ya ile picha ya kumtafuta bwana harusi. Walinilalamikia ndiyo, na nilirudisha sehemu ya hela. Lakini yule mama aliomba aiangalie video, akaangalia, akaomba tena, akaniambia mwanangu, hapa nimemtaja baba yao na sauti ipo, wajukuu watasikia. Picha ya mnato haiwezi kufanya hivo na mimi mtu wa picha ndo nasema. Hata kwaya zetu, hizi zinazorekodi Capri Point kwenye mawe na ziwa nyuma yao, nyingi zisingepata video kabisa bila hizi kamera, zingesubiri mtu mwenye mashine kubwa atoke Dar na asingekuja. Kwa hiyo nikisema itolewe nitakuwa nimewanyima watu kitu kikubwa. Sisemi itolewe tena.

Ninachotaka ni kidogo tu na wanaotengeneza wanaweza. Kamera ikipata joto, zima video, niachie picha. Nipe hata picha chache zile za dharura, funga mambo mengine yote, skrini zima, niachie kitufe cha picha kifanye kazi. Nimenunua kamera ya picha, haiwezi kunikatalia picha kwa sababu ya kazi ambayo wao wameiita ya ziada. Halafu kile kitufe chekundu cha kurekodi, kiondoeni hapo dole gumba linapokaa, nina video kibao za sakafu na za ndani ya begi na kila moja imekula betri na imeipasha mashine moto kabla kazi haijaanza.

Nyota mbili basi. Nilitaka kuandika tatu kwa ajili ya mama, nikikumbuka kamera ilivyoburuzwa kwenye kaunta narudi mbili, na duka halipati hata moja. Kamera yenyewe sitaiuza, nimeamua itakaa kwenye stendi irekodi tu, nasaha na kwaya, na kamati ikitaka hiyo kazi italipia mtu wa kuisimamia, nimeshawaambia wawili watatu wamenuna lakini wamelipa. Ila mkononi nataka mashine ya picha tupu. Natafuta Nikon D700 iliyotumika, shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka ukipiga picha, iwe haijachoka sana, nina lenzi yangu ya milimita 50 ile ya zamani ambayo kwenye D40 lazima nizungushe fokasi kwa mkono, kwenye D700 itajizungusha yenyewe. Mwenye nayo awe Mwanza, Musoma au hata Bukoba aniambie, nakuja kuiona mwenyewe, nije na lenzi yangu tuijaribu ndo tuongee bei.