Chakula cha Jioni Juu ya Nyumba ya Tharia Topan, Hurumzi

Nyumba hii ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyo nyuma ya Beit al-Ajaib (kasri la zamani la sultani) na ambayo sasa ni hoteli ya Emerson on Hurumzi, ilijengwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha enzi za Sultani Barghash. Ndiye pia aliyeanzisha ujenzi wa ile Zahanati ya Zamani ya Mizingani yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, akafariki kabla haijakamilika. Baadaye Waingereza waliitumia nyumba ya Hurumzi kulipia uhuru wa watumwa, na ndipo mtaa ulipopata jina lake. Leo watu huipanda hadi juu kabisa kwenda kula, kwenye banda la mbao lililo wazi pande zote, na kwa kuangalia mji hakuna paa la Mji Mkongwe tunaloliweka mbele ya hili. Unaona minara ya misikiti, ile miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mabati yenye kutu yaliyobanana, kisha bahari. Na unaiona kwa karibu Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Gari halifiki mlangoni. Teremkia Forodhani, tembea kama dakika tano. Weka nafasi mapema, kwa sababu banda ni dogo na wageni wa hoteli nao wanalitaka. Jua la Unguja huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima, kwa hiyo anayefika saa 1 amelikosa lile alilolipia. Fika saa 11:30. Lifti hakuna, na ngazi ni za kale: vidato virefu, vyembamba, vinavyopinda. Mzee mwenye magoti mabovu aulizwe kabla, si akiwa katikati ya ngazi. Wakati wa kushuka ni usiku, basi tochi ya simu iwe na chaji. Huku juu mnakaa chini, kwenye mito na mazulia, kwa hiyo nguo pana ndiyo inayofaa, na mwenye maumivu ya mgongo aombe mapema pahali pa kuegemea.

Migahawa iliyo ndani ya nyumba za aina hii ina tabia zinazofanana, na ukizijua utachagua meza vizuri popote. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti hazivuki sana mita tatu, ndiyo maana kila chumba ni kirefu na chembamba. Ukiingizwa chumba chenye safu mbili za meza, mhudumu atapita kwa ubavu usiku kucha na viti vitagongana migongo. Omba meza ya upande wa ua wa ndani, upepo unapopandia. Kisha angalia ukuta chini, usawa wa goti. Plasta ikiwa imevimba na kutoa unga mweupe, mtu amepaka saruji juu ya chokaa: unyevu umefungiwa ndani, chumvi inasukuma plasta nje, na chumba kitanuka ukungu hata wakiwasha udi. Nyumba iliyotengenezwa kwa chokaa hupumua, na tofauti hiyo unaisikia puani kabla ya chakula kuja. Mwenye mgahawa anayekubali gharama ya chokaa anastahili pesa yako.

Jambo la pili ni jiko. Nyumba nyingi zina jiko chini na meza juu, na sahani inapanda ghorofa tatu au nne mkononi mwa mtu. Kwa hiyo vya kukaangwa visiagizwe juu ya paa. Sambusa ikifika imeshalegea. Agiza vinavyotunza moto: pilau, mchuzi wa pweza, boga la nazi.

Samaki wa kupaka ndiye mtihani wa jiko lolote la pwani. Anachomwa kwanza kwenye mkaa hadi ngozi ishike, kisha anapakwa rojo la tui la kasimele, yaani tui zito la kwanza, lililopikwa na ukwaju, tangawizi, thomu (kitunguu saumu) na pilipili, anarudishwa motoni, anapakwa tena, mara tatu au nne. Rojo likipikwa vizuri linashikana na samaki na kuungua kidogo ncha za mapezi. Jiko lenye haraka humwoka kwenye oveni na kummwagia mchuzi juu, nawe utajua kwa kuona sahani inaogelea. Mchuzi ukiwa na chembechembe na mafuta yamejitenga, tui lilichemka kwa moto mkali bila kukorogwa. Uliza tu, “Huyu amechomwa kwa mkaa?” Jibu la kusitasita linatosha, chukua pilau.

Pweza ana siku zake. Wavuvi wa miguu humpata wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nje ya hapo, pweza wa sahani yako huenda ametoka kwenye friza. Si vibaya, kuganda humlainisha, ila asiuzwe kama wa leo asubuhi. Akiwa mgumu kama mpira, hakuchemshwa vya kutosha kabla ya nazi.

Masika, Machi hadi Mei, banda lililo wazi halina kinga ya mvua ya upepo; baadhi ya migahawa ya juu hufunga, hivyo piga simu siku hiyohiyo. Mwezi wa Ramadhani usitarajie chakula cha mchana, na usiku uwape wahudumu muda wa kufuturu. Kabla ya kukaa uliza kama bei ina kodi na ada ya huduma ndani yake, na kama mlo ni wa bei moja au kila sahani na bei yake.

Usijaze tumbo kwa wali. Kahawa chungu huja mwisho, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kipande cha halua. Halua nzuri huvutika kidogo ukiikata, na iliki unaisikia baada ya sukari. Kahawa inywe taratibu, adhana ya isha ikipokezana kutoka msikiti mmoja hadi mwingine chini yako.