TAHADHARI: Taa za UV "mpya" zilizopigwa msasa

Wenzangu mnaokausha wino, vanishi au gundi kwa mionzi ya UV (urujuanimno), kuweni macho. Kuna muuzaji wa spea anayejipenyeza kwenye magrupu ya mafundi akiuza taa za zebaki kwa bei ya kutupa, "mpya kabisa, ndani ya boksi lake". Boksi ni jipya kweli. Taa yenyewe imeshamaliza kazi kwenye mashine ya mtu mwingine, ikafutwa ikang'aa.

Niliyouziwa mimi iliwaka vizuri tu, bluu ileile, joto lilelile, na hapo ndipo anapotukamatia. Kinachokausha si ule mwanga unaoonekana. Kazi kubwa hufanywa na mionzi isiyoonekana, hasa ya nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 254, 313 na 365, nayo hupungua taa inapozeeka huku bluu ikiendelea kupendeza. Chapa ilitoka inang'aa, nikaikwaruza kwa kucha, ikabanduka kama utando wa maziwa. Nilipomlalamikia akaniambia nipunguze spidi ya mashine. Jibu la mtu anayejua alichouza!

Ziangalieni ncha kabla hamjatoa hela. Kwenye taa yangu, vishikio vya chuma vilikuwa na mikwaruzo ya msasa inayoenda upande mmoja, na kwenye ufa wa kauri palibaki weusi ambao msasa haukufika. Bomba la kwatzi, yaani kile kioo kinachostahimili joto, nalo lilikuwa na ukungu mweupe usiofutika kwa spiriti. Ukungu huo ni kioo chenyewe kimeharibika, mara nyingi kwa sababu mtu alikishika kwa mkono mtupu na mafuta ya vidole yakaungulia pale. Bomba lililopinda kidogo katikati, usilijadili.

Huyuhuyu anauza pia "sevisi". Anafungua mashine, anapangusa, anarudisha mita ya saa kwenye sifuri, anadai amebadilisha taa. Mita ile haipimi mionzi hata chembe, inahesabu muda tu. Taa nyingi za aina hii hukadiriwa kudumu saa 1,000 hivi, kwa hiyo ukishapoteza hesabu ya kweli huna tena pa kuanzia. Mwambie akuachie taa ya zamani mkononi, na uandike namba ya taa mpya kabla haijafungwa.

Kwenye viakisi, yale mabati au vioo vya nyuma ya taa vinavyorudisha mionzi kwenye kazi, ndiko anakoharibu zaidi. Zaidi ya nusu ya mionzi inayofika kwenye kazi huwa imetoka kwenye kiakisi, haiji moja kwa moja kutoka kwenye taa. Yeye anakata bati la alumini la kawaida, analikunja, anakuuzia kama orijino. Na vile vya kioo chenye utando maalumu, unaorudisha UV na kuachia joto lipite nyuma, anavisugua kwa dawa ya kung'arishia vyuma! Utando ukikwaruzika, UV inapotea. Ukiona plastiki inajikunja na wino bado unanata, shuku kiakisi kabla ya kulaumu wino. Usafi wake ni glovu, kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, mashine ikiwa imezimwa na imepoa.

Mkiona anauza taa za LED za nanomita 395 "zinazokausha wino wowote", hilo nalo ni uongo. Wino uliotengenezwa kwa taa ya zebaki mara nyingi hubaki unanata juu, kwa sababu LED hiyo haina mawimbi mafupi ya UV yanayokausha uso wa wino.

Akikufungulia mfuniko ili uone taa "inavyowaka", kataa. Macho huungua bila wewe kuhisi, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Mwambie apitishe kipimo cha UV chini ya taa, ukae na namba kilichosoma leo, na malipo yafuate baada ya hapo. Mimi nilipotaja kipimo, simu yake haikupatikana tena.